UTI WA MGONGO ULIOUMIA: MAMBO YA KUANGALIA KILA SIKU NYUMBANI



Ukurasa huu ni wako wewe uliyeumia uti wa mgongo na sasa umerudi nyumbani kutoka hospitali. Ni wa mama yako pia, wa mke au mume wako, na wa ndugu yeyote anayekuhudumia. Na ni wa jirani, kwa maana katika kambi mitaa mingi ina mtu wa namna hii. Mmoja alianguka kutoka juu ya mchikichi. Mwingine alipigwa risasi kabla ya kuvuka mpaka. Mwingine alipinduka na pikipiki, na mwingine kifua kikuu kiliharibu mifupa yake ya mgongo.

Jambo la kwanza tunalotaka ulijue ni hili. Baada ya wiki za mwanzo kupita, mara nyingi siyo kupooza kwenyewe kunakomwua mtu. Kinachomwua ni kidonda cha makalio kilichoachwa mpaka kikafika kwenye mfupa. Ni mkojo uliorudi kwenye figo. Ni homa iliyodhaniwa kuwa malaria tu. Mengi ya mambo hayo yanazuilika nyumbani kwa maji, sabuni, saa na mikono miwili.

Haya si maneno ya kukufariji tu. Kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wengi wa walioumia uti wa mgongo walikufa mapema, hata katika nchi tajiri. Mwaka 1944 daktari mmoja, Ludwig Guttmann, ambaye mwenyewe alikuwa mkimbizi aliyetoka Ujerumani mwaka 1939, alipewa wodi ya wagonjwa hao huko Stoke Mandeville, Uingereza. Hakuwa na dawa ya kuunganisha mshipa uliokatika. Dawa hiyo haipo mpaka leo. Alichofanya ni kuhakikisha kila mgonjwa anageuzwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na mkojo wake unaangaliwa kwa usafi. Wagonjwa wakaanza kuishi. Mwaka 1948 aliwapanga 16 kati ya walioumia kushindana kulenga shabaha kwa upinde na mshale wakiwa kwenye viti vya magurudumu, na mashindano hayo ndiyo yaliyokua yakawa michezo ya Olimpiki ya walemavu.


NI KITU GANI KIMEHARIBIKA?

Ndani ya mifupa ya mgongo unapita mshipa mkubwa wa fahamu. Mshipa huo hupeleka amri za ubongo kwenye mwili na kurudisha habari za mwili kwenye ubongo. Ukikatika au kubanwa, sehemu iliyo chini ya jeraha haipati amri na haitoi habari. Kwa hiyo miguu haiendi, lakini pia kibofu hakijui kujifungua, utumbo hausukumi kama zamani, na ngozi haisemi kwamba inaumia.

Maumivu ni mlinzi wa mwili. Mtu mzima akikaa vibaya, maumivu humwambia ajigeuze, naye hujigeuza hata akiwa usingizini. Kwako wewe mlinzi huyo ameondoka. Kazi yake sasa inabidi ifanywe na macho, mikono na saa. Ukilishika neno hili moja, mengine yote katika ukurasa huu utayaelewa.


1. NGOZI

Ukikaa au kulala bila kugeuka, mfupa unaibana nyama dhidi ya mkeka. Damu haipiti. Nyama isiyopata damu hufa, na inaweza kuanza kufa baada ya saa chache tu. Hicho ndicho kidonda cha kulalia. Huanza ndani, karibu na mfupa, na kinapoonekana juu huwa kimekwisha kuwa kikubwa ndani.

Mahali pa kuangalia ni kifandugu, mifupa miwili ya kukalia, nyonga za pande zote mbili, visigino, vifundo vya miguu, magoti yanapogusana, viwiko na kisogo.

Fanya hivi:

(a) Ukiwa umelala, geuzwa kila baada ya saa mbili: ubavu wa kushoto, mgongo, ubavu wa kulia. Weka nguo iliyokunjwa au mto mdogo kati ya magoti, na mwingine chini ya miguu ili visigino visiguse kitu. Usiku, msaidizi mmoja hawezi kuamka kila mara kwa miezi. Gawaneni zamu na jamaa au majirani, na tumieni kengele ya simu. Baadaye, ngozi ikizoea, mhudumu wa afya anaweza kukuongezea muda kidogo kidogo.

(b) Ukiwa umekaa, punguza uzito kila baada ya dakika 15 hadi 30. Inama mbele mpaka kifua kikaribie magoti, au egemea upande mmoja kisha mwingine, kwa dakika moja au mbili. Kujinyanyua kwa mikono kunafaa pia, lakini mikono huchoka upesi, na kuinama hukupa muda mrefu zaidi.

(c) Lala kwenye godoro la sponji, wala si kwenye mkeka mtupu. Usilale moja kwa moja juu ya turubai au plastiki, kwa sababu jasho halikauki na ngozi iliyolowa hupasuka upesi. Kama plastiki inahitajika kulinda godoro, weka juu yake shuka mbili zilizonyooshwa bila mikunjo.

(d) Usikalie pete ya mpira wala tyubu ya gurudumu. Watu wengi hudhani inasaidia. Kumbe pete huzuia damu kuzunguka sehemu ile ile unayotaka kuilinda. Tumia mto wa sponji nene. Kuujaribu, msaidizi apitishe kiganja chini ya mto wakati umeukalia. Akiugusa mfupa wako karibu sana, mto umechoka.

(e) Asubuhi na jioni, kagua ngozi yote. Tumia kioo kidogo kwa sehemu za nyuma, au msaidizi aangalie. Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu tu. Tafuta mahali palipozidi weusi, penye joto, pagumu, palipovimba au panapobonyea kama embe lililoiva sana. Mahali hapo pasikaliwe wala kulaliwa tena mpaka parudi sawa. Usipasugue wala kupakanda.

Kidonda kikishafunguka, dawa ya kwanza ni kuondoa uzito kabisa juu yake. Hakuna dawa itakayoponya kidonda unachoendelea kukikalia. Kioshe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, lita moja na kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kisha kifunike kwa kitambaa safi na uende zahanati siku hiyo hiyo. Usiweke majivu, samadi, dawa ya meno, unga wa vidonge wala spiriti. Na ule vizuri: nyama hujengwa na chakula. Maharagwe ya mgao, dagaa, mayai yakipatikana, mboga za majani na matunda visikose kwa mtu mwenye kidonda.

Jihadhari na moto. Usiweke miguu karibu na jiko ili kuota joto, wala usibebe sufuria ya moto mapajani. Maji ya kuoga yajaribiwe kwanza na mtu mwenye hisia mkononi. Usiku miguu ifunikwe vizuri na chandarua kichomekwe chini ya godoro. Panya wanaweza kuuma mguu usio na hisia mpaka asubuhi bila mwenye mguu kujua.


2. MKOJO

Kibofu kisichopata amri hujaa mpaka kinafurika. Mkojo unaobaki ndani huoza na kuleta maambukizi, na ukijaa sana husukumwa kurudi juu kwenye figo. Figo zikiharibika hazirudi.

Njia iliyo bora kwa watu wengi ni kuingiza mpira wa mkojo, kutoa mkojo wote, kisha kuutoa mpira, kila baada ya saa 4 hadi 6. Lengo ni kwamba kibofu kisizidi nusu lita. Pima kwa chupa au kikombe unachokijua. Ukipata zaidi ya nusu lita kila mara, fupisha muda au punguza kinywaji cha jioni.

Zamani watu waliambiwa kwamba kazi hii lazima ifanywe na mganga mwenye glavu na vyombo vilivyochemshwa. Mwaka 1972 daktari Jack Lapides huko Marekani alionyesha kwamba usafi wa kawaida unatosha, ikiwa kibofu hutolewa mkojo mara kwa mara bila kuruka. Kwa hiyo usiache zamu kwa sababu huna vifaa vya hospitali. Kuchelewa kuna hatari kubwa kuliko kukosa glavu.

Hatua ni hizi. Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Osha sehemu za siri. Paka mpira jeli uliyopewa. Ingiza polepole mpaka mkojo utoke, subiri uishe, kisha vuta polepole. Kama mpira unagoma, usilazimishe. Pumua, subiri kidogo, jaribu tena, na ukigoma nenda zahanati. Mpira wa kutumia mara moja hutupwa. Kama zahanati imekupa wa kutumia tena, uoshe kwa sabuni nje na ndani mara tu baada ya kuutumia, usuuze kwa maji safi, uukaushe na uuhifadhi kwenye chombo safi chenye kifuniko. Uliza kama aina hiyo inaweza kuchemshwa. Usimwazime mtu mpira wako, hata ndugu yako.

Kama umewekewa mpira wa kukaa ndani:

- Mfuko wa mkojo uwe chini ya usawa wa kibofu wakati wote, lakini usilale kwenye udongo.
- Mrija usijikunje wala kukaliwa. Ufunge kwenye paja ili usivutwe.
- Osha mahali unapoingilia kila siku kwa sabuni na maji.
- Usiuvute utoke. Ndani una kipira kilichojazwa maji, na ukivutwa hupasua njia ya mkojo.
- Andika tarehe ya kubadilishiwa na uifuate. Tarehe ikipita, mpira huota chumvichumvi na kuziba.
- Mfuko ukikaa saa kadhaa bila mkojo wakati unakunywa maji, mpira umeziba. Nenda zahanati wakati huo huo, hata usiku.

Wengi hupunguza maji ili wasilowe au ili wasimchoshe msaidizi. Hili ni kosa. Mkojo mzito huleta mawe na maambukizi. Unayetumia mpira wa kuingiza na kutoa, kunywa kiasi cha lita 2 kwa siku, kidogo kidogo. Mwenye mpira wa kukaa ndani anywe lita 2 hadi 3. Wala usiruhusu mtu akubonyeze tumbo kwa nguvu ili mkojo utoke; unaweza kurudi kwenye figo.

Dalili za maambukizi kwako si kuungua wakati wa kukojoa, kwa kuwa huenda huna hisia hiyo. Angalia homa, kutetemeka, mkojo wenye damu au uliochafuka kuliko siku zote, kulowa kusiko kwa kawaida, na miguu kukakamaa kuliko kawaida. Ukiona hivyo nenda ukapimwe. Harufu peke yake, bila homa wala dalili nyingine, mara nyingi huhitaji maji zaidi kuliko dawa. Usinunue vidonge vya rangi mbili sokoni. Dawa ikitumiwa ovyo leo, siku ya hatari haitafanya kazi.


3. HAJA KUBWA

Jambo hili husemwa kwa kunong'ona, na kwa ajili hiyo watu huumia bure. Mama anaona haya kumhudumia mwanawe aliye mtu mzima, na mwana anaacha kula ili asimwaibishe mama. Tuliseme wazi: utumbo unaweza kufundishwa kufuata saa, na wengi wenye mikono mizima hujifunza kujihudumia wenyewe.

Chagua wakati mmoja, kila siku au kila baada ya siku moja. Kula au kunywa kitu cha moto, kama uji au chai, kisha subiri dakika 20 hadi 30. Tumbo likipokea chakula huuamsha utumbo wote. Kaa kwenye kiti chenye tundu, kilichowekewa kitu laini pembeni, au lala ubavu wa kushoto. Vaa glavu, kucha ziwe fupi, paka kidole mafuta, ingiza polepole na uzungushe taratibu kwa kama sekunde 15 au 20. Ngoja dakika 5 hadi 10, kisha rudia mpaka choo kiishe. Kama jeraha lako ni la chini kabisa ya mgongo, kuzungusha huenda kusisaidie. Basi choo hutolewa kwa kidole, na ni vizuri kiwe kigumu kidogo. Muuguzi akuonyeshe kwanza ipi ndiyo njia yako.

Maharagwe, mboga za majani, papai na maji husaidia. Unga mweupe peke yake hufunga.

Angalizo: kama siku kadhaa hujapata choo, tumbo limejaa, halafu unaanza kutoka maji ya choo, usidhani ni kuhara. Mara nyingi choo kigumu kimeziba na maji yanapita pembeni yake. Dawa ya kuzuia kuhara itakuharibia zaidi. Nenda zahanati.


4. HATARI YA GHAFLA: KICHWA KUGONGA NA JASHO JINGI

Sehemu hii soma mara mbili. Inamhusu mtu ambaye hisia zake zimeishia usawa wa chembe cha moyo au juu zaidi, yaani kifuani au shingoni.

Kwa mtu huyo, kitu kinachoudhi mwili sehemu isiyo na hisia, kama kibofu kilichojaa, kinaweza kupandisha shinikizo la damu ghafla mpaka mshipa wa kichwani ukapasuka. Dalili ni kichwa kugonga kwa nguvu, jasho usoni na shingoni, uso kuwaka, pua kuziba, vinyweleo kusimama, macho kuona ukungu na hofu isiyo na sababu.

Fanya hivi bila kuchelewa, kwa mpangilio huu:

1. Mkalishe wima na ushushe miguu. Usimlaze chini. Kulala huongeza shinikizo kichwani.
2. Legeza mkanda, nguo, viatu na kamba zozote.
3. Angalia mkojo. Kama mpira umekunjwa, unyooshe. Kama hana mpira, mwingize na utoe mkojo. Kama umeziba, abadilishiwe haraka.
4. Kama si mkojo, angalia haja kubwa, kwa upole sana. Maumivu yakizidi wakati wa kufanya hivyo, acha.
5. Angalia ngozi: kidonda, kucha iliyoingia nyamani, jiwe ndani ya kiatu, mahali palipobanwa.
6. Kama hajatulia ndani ya dakika chache, au chanzo hakionekani, mpelekeni hospitali akiwa amekaa.

Kumbuka kwamba shinikizo la damu la mtu aliyeumia sehemu za juu mara nyingi huwa chini, kama 90 au 100 kwa namba ya juu. Likiwa 140 mhudumu asiyemjua anaweza kusema si kitu. Kwake yeye ni hatari. Pimwa siku ukiwa mzima, namba hiyo iandikwe kwenye kadi yako ya zahanati, na uwe na kadi hiyo kila uendako.


5. HOMA

Kambini homa ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo. Ndivyo tulivyozoea. Kwako wewe haitoshi. Pima malaria, ndiyo, lakini hata ikionekana, mwombe mhudumu aangalie pia mkojo, ngozi yote na kifua. Usikubali kurudi nyumbani na dawa ya malaria pekee kabla hujageuzwa na kutazamwa nyuma.

Ujue pia kwamba mwili uliopooza sehemu kubwa hautoi jasho vizuri. Mchana wa jua kali, ndani ya nyumba ya turubai, joto la mwili linaweza kupanda bila ugonjwa. Kaa kivulini, kunywa maji, funikwa kitambaa kibichi. Joto lisiposhuka, hiyo ni homa, nenda zahanati.


6. MIGUU, VIUNGO NA KIFUA

Viungo visivyotembezwa hujikunja na kugoma. Mara mbili kwa siku, msaidizi anyooshe na kukunja kila kiungo polepole, mara 5 hadi 10: vidole, vifundo, magoti, nyonga, na mikono kama imepooza. Asitumie nguvu, kwa sababu mifupa isiyobeba uzito huwa dhaifu na huvunjika kirahisi. Ukilala chali, weka ubao au boksi kwenye nyayo ili miguu isimame wima. Kama huna tatizo la kupumua, lala kifudifudi kwa nusu saa kila siku. Hunyoosha nyonga na kupumzisha makalio.

Miguu ikirukaruka au kukakamaa yenyewe, si pepo wala si dalili kwamba mshipa umeunganika. Ni misuli inayofanya kazi bila amri. Ikizidi ghafla, tafuta sababu: mkojo, choo, kidonda.

Mguu mmoja ukivimba kuliko mwingine na kuwa wa moto, hasa katika miezi 3 ya kwanza, huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Usiukande wala kuusugua. Nenda hospitali siku hiyo. Ukibanwa kifua ghafla na kukosa pumzi, ni dharura.

Aliyeumia shingo au kifua hana nguvu ya kukohoa. Kila saa chache avute pumzi ndefu mara 10. Akiwa na makohozi, msaidizi aweke viganja chini ya mbavu na kusukuma ndani na juu wakati mgonjwa anakohoa. Muuguzi awafundishe kwanza. Mgonjwa asilale jikoni penye moshi.


7. MOYO, NDOA NA UZAZI

Kuna siku utajiona mzigo. Kuna siku utakataa kugeuzwa, utakataa chakula. Huo si uvivu wala si ukorofi, nao unaweza kuwa ugonjwa wa huzuni, na una msaada. Mwambie mhudumu wa afya au mshauri nasaha. Nanyi wa nyumbani, msifanye kila kitu kwa niaba yake. Mwacheni achambue maharagwe, awafundishe watoto kusoma, ashone viatu, atoe shauri la familia. Na msaidizi naye ni mtu. Apate siku ya kupumzika.

Mwanamke aliyepooza anaweza kushika mimba na kuzaa. Baada ya kuumia, hedhi inaweza kusimama kwa miezi kadhaa kisha ikarudi. Huenda asisikie uchungu, kwa hiyo miezi ya mwisho akae karibu na hospitali. Kama jeraha lake ni la juu, aonyeshe kadi yake, kwa sababu hatari tuliyoieleza katika sehemu ya 4 inaweza kumpata wakati wa kuzaa na kudhaniwa kuwa kifafa cha mimba. Kwa mwanaume mambo hutofautiana kufuatana na jeraha. Wengine huweza tendo la ndoa na hata kupata mtoto. Muulize daktari bila haya. Na kama yupo mtu anayekulazimisha kwa kuwa huwezi kukimbia, hilo ni kosa. Liambie dawati la ulinzi.


MASWALI YANAYOULIZWA MARA KWA MARA

Je, nitatembea tena?
Kama mshipa haukukatika wote, nguvu zinaweza kurudi kiasi, na nyingi hurudi katika miezi ya mwanzo. Kama ulikatika wote, mara nyingi hazirudi. Hakuna mtu mwaminifu atakayekuahidi. Lakini iwe hivi au vile, ngozi na figo vinahitajika. Nguvu zikirudi zimkute mtu mzima.

Mganga wa jadi anasema anaweza kuvuta mgongo.
Kuvuta au kukanda mgongo uliovunjika kunaweza kukata kilichobaki. Chale na moto kwenye ngozi isiyo na hisia huleta vidonda. Maombi na faraja havina ubaya. Kuvuta na kuchoma kataa.

Maji hayatutoshi hata ya kunywa. Tufanyeje?
Viwango vya Sphere vinavyofuatwa na mashirika mengi vinataja angalau lita 15 kwa mtu kwa siku. Mtu mwenye mpira wa mkojo na vidonda anahitaji zaidi ya hizo. Mweleze mwenyekiti wa mtaa na watu wa huduma kwa wenye ulemavu, mwombe madumu na sabuni ya ziada. Uliza pia kuhusu kupewa nyumba karibu na bomba, choo kisicho na ngazi, na mtu wa kukuchukulia mgao aandikishwe kwa jina lake. Uliza hata kama ulishakataliwa.


KUMBUKA

Asubuhi: kagua ngozi, toa mkojo, nyoosha viungo.
Mchana: maji, chakula, punguza uzito kila dakika 15 hadi 30, mkojo kila saa 4 hadi 6.
Jioni: haja kubwa kwa saa yake, viungo tena, kagua ngozi tena.
Usiku: geuzwa kila saa 2, chandarua, miguu ifunikwe.

Nenda zahanati siku hiyo hiyo ukiona: homa, kidonda kipya au cheusi, mkojo wenye damu, mguu mmoja kuvimba. Nenda mara moja, usiku au mchana: mpira kuziba, kichwa kugonga na jasho, kukosa pumzi.

Ukurasa huu ubandike ukutani karibu na kitanda. Ukishausoma, msomee na jirani asiyejua kusoma, kisha mwombe achukue zamu moja ya usiku.